Chungu Kimoja au Vyungu Viwili? Kupunguza Uzito Katika Ndoa



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka linapoingia mezani na kuzua ugomvi: uzito wa mwili. Bwana anamwambia bibi, "Siku hizi umezidi." Bibi ananuna. Kesho yake anaanza kula kwa masharti. Wiki chache hazijaisha amerudi kwenye mahamri yake, lakini lile neno la bwana bado limo moyoni.

Tutajiuliza maswali mawili. La kwanza: mtu aliyenenepa na anayetaka kupungua, ashike mlo wa masharti, ule ambao wengi huuita dayati, au abadilishe taratibu namna anavyokula kila siku? La pili: je, mwenzake afanye nini?

YALIYONIPATA MIMI

Nitaanza na nyumba yangu, maana si haki kufundisha wengine huku nimeficha yangu. Sisi tunakaa hapa kisiwani Mombasa, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale. Miaka michache iliyopita mke wangu alipimwa katika zahanati moja, akaonekana ana kilo 84. Rafiki yake akampa karatasi ya dayati ya siku 14: asubuhi yai moja na kahawa chungu, mchana tango na nyanya, usiku kipande cha nyama, bila wali, bila sima, bila tunda.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa na vyungu viwili. Alipika chake, kisha akapika chetu. Mimi nilikaa mbele yake na sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikala hadi nikaramba vidole. Siku ya tisa jirani yetu Mwislamu alituletea sinia ya biriani ya arusi, kama ilivyo desturi ya ujirani wetu. Mke wangu aliipokea kwa shukrani, akawapakulia watoto, kisha akaingia jikoni. Niliposikia yuko kimya mno nilimfuata. Alikuwa analia.

Siku 14 zilipokwisha alikuwa amepungua kilo 5. Tukashangilia. Baada ya miezi miwili kilo 6 zilikuwa zimerudi. Siku moja, mbele ya wageni, nikasema kwa mzaha, "Zile kilo alizitoa kwa mkopo, sasa zimerudi na riba." Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Usiku aliniambia, "Baba watoto, mimi nilikaa na njaa nyumbani mwako siku kumi na nne, na hili ndilo ulilobakiza kuniambia?" Wiki nzima hakusema nami ila la lazima.

Haukupita muda mrefu nami nikapimwa. Presha 160 kwa 100, uzito kilo 91. Muuguzi akaniuliza, "Mzee, nyumbani anayepika ni nani, na anayenunua ni nani?" Nikamjibu kwamba mke hupika nami hununua. Akasema, "Basi mengi ya haya umeyabeba mwenyewe kwenye kikapu."

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nilimwomba mke wangu radhi, na tangu siku hiyo tukaanza kujifunza pamoja haya ninayowaandikia.

MLO WA MASHARTI: FAIDA NA MIPAKA YAKE

Kwanza, tujue kwa nini mizani hushuka haraka. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilo za wiki ya kwanza ni maji wala si mafuta. Ukirudi kula kama zamani, maji nayo yanarudi. Chai nyingi za kukondesha zinazouzwa madukani hufanya kazi ya namna hiyohiyo: zina majani ya kuharisha, nawe unadhani umekonda kumbe umekauka.

Pili, masharti makali hayadumu. Mwaka 2005 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Boston, Marekani. Watu 160 waligawanywa katika mafungu manne, kila fungu likapewa dayati mojawapo ya zile zilizokuwa na sifa kubwa. Baada ya mwaka mmoja, hakuna dayati iliyoishinda nyingine kwa tofauti ya maana. Kwa wastani kila fungu lilipungua kilo 2 au 3 tu, na karibu watu wanne katika kila kumi walikuwa wameacha njiani. Waliofanikiwa zaidi ni wale walioweza kushika waliyoagizwa, dayati iwe ipi. Basi swali la kumuuliza mtu anayekupa karatasi ya dayati ni hili: "Je, nitaweza kula hivi mwakani?"

Tatu, tusiseme kwamba mlo wa masharti hauna kazi. Huko Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 2017 uliwahusu watu wanene wenye kisukari cha ukubwani. Kwa miezi mitatu hadi mitano walikula kalori zisizofika 900 kwa siku, katika vinywaji maalumu, wakiangaliwa na wauguzi na madaktari. Baada ya mwaka, karibu nusu yao hawakuwa tena na dalili ya kisukari katika vipimo, bila dawa. Hilo ni jambo kubwa. Lakini angalia masharti mawili: walikuwa chini ya uangalizi, na baada ya ile miezi walifundishwa kurudi polepole kwenye chakula cha kawaida kilichopangwa vyema. Kwa hiyo hata wao hawakuliepuka somo la kula kwa kila siku.

Nne, wapo wasiopaswa kujaribu mlo mkali bila daktari: mama mjamzito, mama anayenyonyesha, watoto, na kila anayetumia dawa za kisukari au presha. Mtu anayejidunga insulini akiacha chakula ghafla, sukari ya damu inaweza kushuka hadi azimie.

KULA KWA KILA SIKU: HESABU ZA JIKONI

Njia ya pili haina haraka, wala haina sifa za kusimulia. Inataka mabadiliko madogo ambayo nyumba nzima inaweza kuyabeba. Tuchukue mifano ya hapa kwetu.

1. Sukari. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe. Hivyo ni vijiko 12. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4, basi ni gramu 48 kwa siku, na kwa mwezi karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mtu mmoja! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingefaa zaidi mtu mzima asizidishe vijiko 6 hivi kwa siku, tukihesabu pamoja na sukari iliyomo katika soda na juisi za dukani. Tulipunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Chai yenye iliki na mdalasini ina ladha yake yenyewe, ulimi huzoea.

2. Mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi, yaani zaidi ya ndizi mbivu moja ya kawaida. Sasa fikiria mahamri asubuhi, viazi karai saa kumi, bajia jioni na chapati usiku. Hatukuvifukuza nyumbani. Mahamri yakabaki ya Jumapili, na siku nyingine mbaazi zinaliwa na muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha. Wali wa nazi mara moja kwa wiki, tena kwa tui jepesi.

3. Sahani. Gawa sahani yako kwa macho: nusu mboga na kachumbari, robo wali au sima, robo samaki, kunde, pojo au nyama. Wengi wetu sahani zetu ni robo tatu wali, na mboga ni kama pambo. Mchicha na kisamvu wa Marikiti si chakula cha maskini. Samaki wa kuchoma kwa ndimu na chumvi kidogo hana la kumwonea wivu aliyekaangwa.

4. Miguu. Wataalamu hushauri angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Sisi huteremka jioni hadi Ngome ya Yesu, kisha tukapunga upepo wa bahari upande wa Mama Ngina. Nakiri kwamba wauza mihogo ya kukaanga na kachiri wako njiani wakitungoja! Tulikubaliana: madafu kila tukitaka, mihogo mara moja kwa mwezi, na pakiti moja kwa watu wawili.

Je, mambo madogo kama haya yanafaa kitu? Utafiti mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2002, uliwaangalia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 84, asilimia 7 ni kilo 6 tu. Hakuambiwa mtu awe kama alivyokuwa siku ya arusi.

MAMBO MATATU KWA MUME NA MKE

Kwanza, ulimi. Mwili wa mwenzako si wa kufanyiwa mzaha mbele za watu. Mwili huo umebeba mimba, umelea, umefanya kazi, umezeeka pamoja nawe. Ukiwa na wasiwasi juu ya afya yake, sema faraghani, na useme "sisi", usiseme "wewe". "Twende tukapimwe" ni neno jingine kabisa na "umenenepa".

Pili, kikapu na chungu. Mlo wa mtu mmoja katika nyumba ya watu sita ni kama kumfunga mtu mmoja mbele ya karamu. Anayenunua abadilishe anachonunua, na anayepika abadilishe anavyopika. Watoto nao wale chakula hichohicho. Mama mwenye sukari hahitaji chungu chake peke yake. Anachokihitaji kitawafaa wote.

Tatu, maneno ya watu. Kwetu mke akinenepa watu husema mumewe anamtunza. Akikonda wataulizana kama ni mgonjwa, au kama nyumbani hamna amani. Na mke naye huona kwamba mume asipoongeza sahani ya pili hakuthamini upishi wake. Zungumzeni hayo mapema. Mume ajifunze kusifu chakula bila kuomba cha pili. Na jirani akileta sinia, pokeeni, shukuruni, onjeni, mgawane. Kukikataa chakula cha jirani ni kumkataa jirani, na tonge tatu za biriani hazijamnenepesha mtu.

Neno dogo juu ya Kwaresima. Wapo wanaoifanya kuwa dayati ya siku arobaini, kisha Jumatatu ya Pasaka wanalipiza. Mfungo si wa kukonda, una nia yake. Lakini unatufundisha jambo moja: mtu anaweza kuiambia njaa yake ingoje. Chukueni fundisho hilo, mlitumie mwaka mzima kwa kiasi, badala ya kulimaliza lote kwa mkupuo.

TULIFIKA WAPI?

Baada ya mwaka mmoja mke wangu alikuwa na kilo 78, nami 84. Presha yangu imeshuka, ingawa bado namwona daktari na dawa sijaziacha. Zipo wiki tulizoteleza, hasa Krismasi na arusi za jamaa. Hatukuanza upya; tuliendelea tu kesho yake. Hakuna karatasi iliyokwisha siku ya 14, ndiyo maana hakuna cha kurudia.

Basi jibu la swali letu ni hili. Mlo wa masharti uwe dawa: unatolewa kwa sababu maalumu, kwa muda, na anayejua. Kula kwa kila siku ndiko kunakojenga nyumba. Na lolote mtakalochagua, lichagueni wawili.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulipimwa uzito, presha na sukari?

2. Je, nimewahi kusema neno juu ya mwili wa mwenzangu ambalo bado linamuuma? Nimemwomba radhi?

3. Kilo moja ya sukari na lita moja ya mafuta hukaa siku ngapi nyumbani kwetu?

4. Ni jambo gani moja dogo tunaloweza kulibadilisha wiki hii, nyumba nzima, bila kumtenga mtu?

Andikeni jibu la swali la nne, mlibandike ukutani jikoni. Baada ya mwezi ongezeni la pili. Mungu azibariki meza zenu na wote wanaozizunguka.