Kukarabati Kaseti ya Sauti Nyumbani

Kaseti ya muziki ikiharibika, huenda nakala nyingine ikapatikana. Kaseti yenye sauti ya marehemu bibi akiwausia wajukuu haina mbadala. Kwa hiyo, lengo la ukarabati liwe kuiwezesha isikike vizuri mara moja, ili sauti ihamishiwe mahali salama.

Redio ikimeza utepe
Zima redio na uchomoe waya wa umeme. Usivute kaseti kwa nguvu. Nasua utepe taratibu kwa vidole safi. Uliotoka nje urudishwe kwa kuzungusha penseli katika tundu la kaseti, huku ukihakikisha haujasokotwa.

Utepe ukikatika
1. Laza kaseti mezani, fungua skrubu zake na uinue kifuniko bila kuchangua vipuri. Kaseti isiyo na skrubu imegandishwa kiwandani, mwachie fundi.
2. Kata kwa mshazari sehemu iliyochakaa tu. Utepe hupita takriban sentimita 4.76 kwa sekunde, hivyo kukata sentimita 5 ni kupoteza zaidi ya sekunde moja ya sauti katika kila upande wa kaseti.
3. Kutanisha ncha bila kuzipandanisha, kisha ziunge kwa utepe maalumu wa kuungia kanda za sauti. Kiungo kibandikwe upande unaotazama ndani ya kaseti, wala kisizidi upana wa utepe.

Usitumie selotepu ya kawaida. Gundi yake huchuruzika, ikagandisha mizunguko ya utepe na kuchafua kichwa cha redio.

Utepe ukiota ukungu
Usiucheze. Ukungu huchafua mashine na kuenea kwenye kaseti nyingine.

Baada ya ukarabati
Jaribu redio kwanza kwa kaseti isiyo na thamani. Vunja vijimeno viwili vilivyo ukingoni mwa kaseti ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Kisha icheze huku ukinakili sauti kwenye kompyuta, na uhifadhi nakala mahali pawili.

Ukimpelekea fundi
Muulize anaunga kwa kutumia nini. Dai risiti inayotaja kaseti, kazi itakayofanywa na bei. Mweleze mapema kwamba kilichomo hakina nakala: fidia yaweza kununua kaseti tupu, lakini haiwezi kurudisha sauti iliyopotea.