Somo la Ufundi: Kukereza Upawa wa Kuchotea Unga

Upawa uliozoeleka majumbani ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa kijiti. Somo hili lahusu upawa wa namna nyingine, ule unaokerezwa mzima kwa mashine katika kipande kimoja cha mti, na ambao wenye maduka huutumia kuchotea unga, sukari na viungo. Chama cha mafundi chenye kerezo chaweza kuufanya kwa mabaki ya miguu ya vitanda. Hata hivyo, mengi ya mabaki hayo huishia jikoni kuwa kuni, kwa sababu kazi imeanzwa mwisho.

Kipande kifaacho kina urefu wa sentimeta 18 na unene wa sentimeta 6, nyuzi zake zikifuata urefu. Mwembe na mfenesi hufaa. Gogo la mwembe lisilazwe penye unyevu, maana huingiwa upesi na ukungu wa buluu. Mti uwe mkavu. Upawa uliochimbwa ungali mbichi hupinda mdomo ukawa kama yai.

Fundi hukibana kipande ncha moja katika taya za mashine, akakifanya mviringo, kisha akachimba kombe kwanza, wakati mti ulio nyuma yake ungali mnene. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwanafunzi hutamani kuuona mpini, akauanza. Arudipo kuchimba kombe, mpini mwembamba hutetemeka, bobari hunasa na kazi hukatika. Kipande kirukacho kwa kasi hakiulizi kama aliye mbele yake ni mwanafunzi au fundi mkuu.

Bobari huanzia katikati ya kombe na kuelekea ukingoni, si kinyume chake, kwani huku ndiko nyuzi zinakoegemeana na kukatika laini. Kina hupimwa kwa kijiti chenye alama, mashine ikiwa imesimama. Ukingo ukifikia milimeta 4, inatosha. Tamaa ya kuupunguza zaidi imetoboa pawa nyingi. Kisha umbo la nje lifuatishwe la ndani, na mpini ukerezwe mwisho.

Upawa ukishatolewa mashineni, hubanwa kwenye jiliwa kwa kitambaa, mdomo ukakatwa mshazari kwa msumeno wa mkono, ukapigwa msasa. Vanishi isipakwe, kwa kuwa hubanduka na kuingia katika chakula. Mafuta kidogo ya nazi yatosha.

Kabla ya kuwasha mashine, kipande kizungushwe kwa mkono mara moja, ili ionekane kwamba hakigusi kiegemeo cha bobari. Macho yafunikwe kwa miwani, na kanzu ivuliwe mlangoni.

Kwa makatibu: daftari la karakana liwe na safu ya kazi zilizoharibika, na kila moja iandikwe iliharibika wakati wa kombe, wa mpini au wa msumeno. Hesabu ya pawa nzima peke yake haimwonyeshi katibu ni fundi yupi anayeanza na mpini.