SOMO LA MAKATIBU: Ada ya Chama cha Wafanyakazi ni Mali ya Nani?

Vyama vingi vya msingi siku hizi huajiri vijana waliohitimu vyuo, kwa kuwa hesabu za ushirika zimekuwa nzito na mkaguzi hakubali tena daftari la kukisia. Tuchukue mfano wa kufikirika wa chama cha mazao hapo Kingolwira, nje kidogo ya mji wa Morogoro, kilichomwajiri mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuwa mhasibu wake. Baada ya miezi michache ndugu huyo anamletea katibu fomu, akitaka ada ya chama cha wafanyakazi ikatwe katika mshahara wake. Katibu anaifikisha kwenye bodi, na wajumbe wanahamaki: "Tumemwajiri sisi wakulima, mbona anatafuta chama cha kutushitaki?"

Uchungu wao unaeleweka, lakini hoja haisimami. Mkulima aliingia katika ushirika kwa sababu akiwa peke yake mbele ya mnunuzi hakuwa na sauti juu ya bei. Mhasibu naye, mbele ya bodi, ni mtu mmoja mwenye bidhaa moja, yaani kazi yake. Kisheria, wakulima wale wakikaa pamoja katika chama chao ni mwajiri kama mwajiri mwingine yeyote.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo lina historia. Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika (TFL), lililoanzishwa mwaka 1955, lilivunjwa mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi, na badala yake ikaundwa NUTA. Mwaka 1978 NUTA ikaipisha JUWATA. Katika miaka hiyo chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu nchini, na ada ilikatwa mshaharani bila maswali mengi. Mazoea hayo hayajaisha kwa baadhi ya makatibu, ambao humkata kila mtu kwa orodha moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali hivyo. Mfanyakazi ana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hakuna anayelazimishwa kujiunga. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya uanachama wake ni kosa, na aliyeachishwa anaweza kulalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Basi mlango wa makato ni sahihi ya mfanyakazi mwenyewe kwenye fomu iliyowekwa, inayojulikana kama TUF 6. Pasipo sahihi, hakuna kukata. Ikiwapo sahihi, bodi haina la kupiga kura: mwajiri lazima akate.

Hapa ndipo katibu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko pengine pote. Tuseme mshahara ni Sh. 500,000 na ada, kwa mujibu wa katiba ya chama husika, ni asilimia 2, yaani Sh. 10,000. Katika vitabu, mshahara wote wa Sh. 500,000 huandikwa kuwa matumizi, zile Sh. 10,000 huandikwa katika akaunti ya wadai. Si pato la ushirika wala si akiba yake. Fedha hizo, pamoja na orodha ya majina ya waliokatwa, zinatakiwa kukifikia chama cha wafanyakazi ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha.

Sasa tuseme wafanyakazi watatu wamekatwa jumla ya Sh. 30,000, na katibu, kwa nia njema kabisa, akazinunulia magunia msimu ulipopamba moto. Akizichelewesha siku 20 bila sababu ya msingi, sheria inatoza asilimia 5 ya deni kwa kila siku. Hiyo ni Sh. 1,500 kwa siku, na kwa siku 20 ni Sh. 30,000 nyingine. Deni limekuwa maradufu, na wanaolipa ni wakulima, kwa mazao yao.

Ada ya uwakala ni jambo jingine, ingawa wengi huichanganya na hii. Chama cha wafanyakazi chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa mahali pa kazi kikishatambuliwa, kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wachangie, kwa kuwa nao hufaidi mapatano ya mishahara. Ada hiyo haiwezi kuzidi ile ya wanachama, huwekwa katika akaunti yake peke yake, na haipelekwi kwa chama cha siasa. Barua ya kudai tu haitoshi. Lazima pawepo mkataba uliotiwa sahihi na pande zote mbili.

Meneja naye huuliza kama anaruhusiwa kujiunga. Ikiwa kwa cheo chake hutunga sera za mwajiri na ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hiari na wafanyakazi, hawezi kuwa katika chama kimoja na walio chini yake. Cheo cha jina tu hakimzuii.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Mhasibu ameandika barua tarehe 10 Machi kusimamisha makato yake. Sheria inataka notisi ya mwezi mmoja. Mshahara wa mwezi gani utakuwa wa mwisho kukatwa, na mbali na mwajiri, ni nani mwingine anayepaswa kupelekewa barua hiyo?