Nguo ya Ardhi

Katika nchi kavu twasikia mara nyingi neno hili: "Mvua haitoshi." Ni kweli, lakini si kweli yote. Pengine mvua imekuja, nasi tumeiacha ipite.

1. Tone la mvua. Tone ni dogo, lakini laanguka kwa nguvu. Likipiga udongo ulio uchi huuvunja, na chembe zake huziba vitundu vya ardhi. Basi maji, yakikosa mlango wa kuingia, hutelemka na kuuchukua udongo wa juu, ndio wenye rutuba. Mvua za kwanza ndizo zenye hatari kubwa, maana kiangazi kimekwisha kukausha nyasi na mifugo imekwisha kuzila.

2. Kazi ya mimea. Majani hulipokea tone na kulivunja nguvu. Mashina huzuia mbio za maji. Mizizi huyafungulia njia ya kushuka chini. Lakini angalieni: mti mrefu peke yake hautoshi. Chini yake pakiwa patupu, matone hukusanyika juu ya majani, kisha huanguka makubwa kuliko kwanza. Kinga iliyo bora ni ile iliyo karibu na ardhi: nyasi, vichaka na majani yaliyopukutika.

3. Ushuhuda wa Mpwapwa. Katika miaka ya 1930 jambo hili lilipimwa huko Mpwapwa. Kipande cha ardhi kitupu kilipoteza nusu ya maji ya mvua, na udongo wa tani 146 hivi kwa hekta moja kwa mwaka. Kipande cha nafaka kilipoteza robo ya maji, na udongo tani 78. Kipande cha nyasi kilipoteza maji yasiyozidi sehemu 2 katika 100, na cha kichaka hata sehemu 1 haikutimia. Wala katika hivyo viwili udongo haukuonekana kupotea. Mvua ilikuwa moja. Nguo ndizo zilizokuwa mbalimbali.

4. Kondoa. Huko makorongo yalikuwa yamekula vilima. Mwaka 1973 ikaanzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma. Matuta yakachimbwa, miti ikapandwa. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Nyasi zikarudi, vichaka vikaota. Lakini tusisahau gharama yake: mfugaji alitengwa na ng'ombe wake, yaani maziwa, samadi na akiba ya nyumba. Baadaye wengine walifuga ng'ombe wachache bandani, wakiwakatia majani.

Basi tusingoje kuondolewa. Tuache mabua shambani, tusichome nyasi, tupumzishe malisho kwa zamu. Nguo ikitunzwa mapema haihitaji kushonwa upya.

Maswali:
1. Kwa nini mti mrefu peke yake haukingi udongo?
2. Katika kijiji chako, ni mahali gani pameachwa uchi mvua za kwanza zinapokuja?
3. Ni nani atakayepata hasara malisho yakifungwa, naye asaidiweje?