Somo la Mifugo: Punda Apewe Saa Ngapi za Malisho?

Katika vijiji vingi vya wilaya yetu, punda ndiye anayebeba maji kutoka kisimani, kuni kutoka porini na mahindi kwenda mashineni. Hata hivyo, inapofika zamu yake ya kula, hupangiwa ratiba ya ng'ombe: hutoka zizini jua linapochomoza, hurejea linapotua, na usiku hufungiwa pasipo chochote mbele yake. Siku za kazi, hata saa hizo za mchana hupunguzwa. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini ratiba hiyo haimtoshi, na jinsi mfugaji anavyoweza kukadiria mwenyewe muda unaomfaa mnyama wake.

Punda hacheui

Ng'ombe hula kwa haraka mchana, kisha hucheua usiku akiwa amelala zizini. Kwake, usiku ni sehemu ya mlo. Punda, kama ndugu yake farasi, hana uwezo huo. Tumbo lake ni dogo, na nyasi anazokula humeng'enywa zaidi katika utumbo mpana. Kwa sababu hiyo ameumbwa kula kidogo kidogo, mchana na usiku. Punda aliye huru malishoni huweza kutumia saa 14 hadi 16 kati ya 24 akitafuta na kula majani. Tumbo lake hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Likikaa tupu kwa muda mrefu, huweza kupata vidonda.

Namna ya kukokotoa

Tuchukue mfano wa kaya inayoteka maji kwa punda. Kazi huanza saa 12 asubuhi na kumalizika saa 5. Kuanzia hapo hadi saa 12 jioni zimebaki saa 7. Tukiondoa saa moja ya kupumzika kivulini jua linapokuwa kali, punda anabaki na saa 6 za kula. Zinapungua saa 8 kufikia 14. Kumwacha nje usiku kunaweza kumfanya kitoweo cha fisi. Suluhisho ni kumpelekea malisho zizini.

Kiasi kinachohitajika si kikubwa. Punda huhitaji chakula kikavu chenye uzito wa takriban asilimia 1.3 hadi 1.8 ya uzito wake kwa siku. Kwa punda wa kilo 150, hiyo ni kilo 2 hadi 2.7. Ikiwa mchana amepata nusu, awekewe usiku kilo moja na nusu ya nyasi kavu au mabua ya mahindi, kwa kuwa sehemu ngumu ataziacha. Mizani ya kupimia mazao inatosha kupima mara ya kwanza; baadaye mkono utazoea. Mabua yenye ukungu yasitumike kabisa, na pumba zisichukue nafasi ya nyasi. Maji safi yawepo pia, kwani punda mwenye kiu hula kidogo hata majani yakiwa tele.

Mwili wake ndio kipimo

Saa na kilo ni makadirio. Mwili wa punda ndio unaothibitisha. Kila baada ya wiki mbili, mfugaji apitishe kiganja juu ya mbavu. Zikihisika kwa urahisi bila kuonekana kwa macho, ratiba inafaa. Zikionekana waziwazi, saa za malisho ziongezwe au saa za kazi zipunguzwe. Ikiwa ni lazima kukandamiza kwa nguvu ndipo zihisike, au shingo imenenepa na kuwa ngumu kwa juu, punda huyo amezidishiwa.

Tahadhari wakati wa masika

Mvua zinaponyesha, swali hugeuka. Nyasi changa zina sukari nyingi, na punda aliyezoea majani makavu akiachiwa siku nzima ghafla anaweza kuumwa tumbo au kupata ugonjwa wa kwato unaomfanya ashindwe kutembea. Aanze na saa moja, kisha muda uongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, huku akiendelea kupewa malisho makavu. Hata hivyo, punda mnene asifungwe njaa ili akonde. Akikosa chakula ghafla, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu, huharibu ini, na huweza kumuua kwa siku chache. Punguza majani mabichi, si mlo wote.

Kwa nini jambo hili ni la kaya nzima

Mimba ya punda huchukua takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Aliyekufa hapatikani kwa urahisi tena. Wakati huohuo, ndoo na mizigo ya kuni hurudi vichwani mwa akina mama na watoto, na saa zilizokuwa za shamba au za shule huishia njiani. Ndiyo maana wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini katazo hilo halimwokoi punda anayedhoofika zizini kwa njaa ya usiku. Huyo anamtegemea mwenye zizi.

Wafugaji wanakumbushwa kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama kumtunza ipasavyo. Punda akiacha kula kwa siku nzima, akikataa kutembea au akijigaragaza kwa maumivu, usingoje kesho: mwone Afisa Mifugo wa kata yako mara moja. Kwa wengine wote, kazi ya leo jioni ni nyepesi: kabla ya kufunga zizi, hakikisha kuna mabua mbele ya punda.