Kipimo Kimoja na Wastani wa Vipimo Vingi: Somo la Takwimu kwa Shinikizo la Damu

Shinikizo la damu halitulii mahali pamoja. Hupanda mtu akiwa na hofu, akizungumza wakati wa kupimwa au akiwa amebana mkojo, hushuka akipumzika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa ugonjwa hutambuliwa pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapofikia 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini. Nyuma ya utaratibu huu ipo kanuni ya takwimu inayomfaa mhudumu na mgonjwa pia.

Mathalani, mgonjwa ana wastani halisi wa 136 kwa namba ya juu, na vipimo vyake hutawanyika kwa mkengeuko sanifu wa 8. Akipimwa mara moja tu, uwezekano wa kukutwa na 140 au zaidi ni takriban asilimia 31. Vikichukuliwa vipimo vinne na kutafutwa wastani wake, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 16. Vikiwa kumi na sita, hubaki asilimia 2 hivi.

Sababu ni hii: wastani wa sampuli nao hubadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, lakini mtawanyiko wake ni mdogo. Hupatikana kwa kugawa mkengeuko sanifu kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Kwa vipimo vinne, 8 hugawanywa kwa 2, jibu likawa 4. Kwa kumi na sita, hugawanywa kwa 4, jibu likawa 2. Kiasi hicho huitwa kosa sanifu. Basi anayetaka kulipunguza kwa nusu hana budi kupima mara nne zaidi.

Lipo pia suala la umbo. Siku ambazo wagonjwa hulazwa wodini hazina ulinganifu: wengi hukaa siku chache, wachache hukaa majuma mengi. Hata hivyo, zikichukuliwa sampuli nyingi zilizo kubwa vya kutosha, wastani wa sampuli hizo hujipanga kwa umbo linalokaribia kengele. Hiyo ndiyo nadharia ya kikomo cha kati. Abraham de Moivre aliona chimbuko lake mwaka 1733 alipochunguza urushaji wa sarafu, na Laplace akaipanua mwaka 1810.

Nadharia hii ina masharti. Kwanza, vipimo visitegemeane: vipimo kumi vya mfululizo katika saa moja ya wasiwasi hubeba wasiwasi uleule, hivyo ni bora vigawanywe katika siku kadhaa. Pili, wingi hauponyi kasoro ya kifaa. Mkanda ulio mdogo kuliko mkono huongeza namba kila mara, na wastani wa vipimo mia utakuwa na kosa lilelile.

Kwa hiyo mgonjwa anayepima nyumbani aandike kila kipimo bila kuchagua vilivyompendeza, kisha apeleke daftari kliniki. Lakini namba ikifika 180 juu au 120 chini, pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, wastani usisubiriwe. Mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja.