UKUTA UNA MAJI? USIKIMBILIE RANGI (somo kwa tunaoweka mzigo nyumbani)



Somo la leo nimelilipia kwa hela yangu. Masika iliyopita mteja aliniandikia: "Dada, pochi nzuri, ila mbona inanuka uvundo?" Nikaenda kuangalia stoo yangu, yaani ile kona ya chumbani nyuma ya kitanda. Pochi 14 zilizoegemea ukuta zote zimeota ukungu mgongoni. Nilizichukua Kariakoo kwa 18,000 kila moja. Piga hesabu: 252,000 imelala. Na yule dada nikamrudishia hela yake, nauli ya bodaboda juu yangu.

Kinachouma zaidi ni kwamba dalili nilishaiona. Rangi ilivimba miezi miwili kabla, mimi nikanunua rangi ya mafuta nikapaka juu. Kwenye picha za bidhaa ukuta ukapendeza kweli! Baada ya wiki chache ikaanza kubanduka. Rangi haikaushi ukuta, inafunika tu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, jua maji yanatoka wapi.

KIPIMO CHA NAILONI
Kata nailoni angavu, ukubwa wa karatasi ya daftari. Ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Iache siku mbili.
– Matone yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta: maji yamo ukutani.
– Matone yakiwa upande wa nje: ni unyevu wa hewa ya chumbani.

SASA SOMA ALAMA
1. Unyevu unaanzia chini, na kuna unga mweupe kama chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini. Zunguka nje uangalie. Kwangu kulikuwa na rundo la mchanga na kifusi limeegemea ukuta, limepita hata usawa wa sakafu. Tuliliondoa, tukachimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali. Kama nje ni pasafi na bado maji yanapanda, hapo ni msingi, mwite fundi.
2. Doa liko juu na linakua kila mvua ikinyesha. Hilo ni paa. Angalia misumari ya mabati iliyolegea au iliyoisha raba, na gata iliyoziba majani.
3. Doa ni bichi hata kiangazi, tena karibu na bafu au jiko. Shuku bomba. Funga koki zote kisha angalia mita ya maji. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja.
4. Ukuta ni mzima ila chumba kinatoa jasho. Acha kuanika nguo ndani, pikia nje ukiweza, fungua dirisha na mlango hewa ipite.

Ukishaziba chanzo, usiwe na haraka. Ukuta wangu ulichukua wiki kadhaa kukauka. Kwangua rangi ya zamani, toa lipu iliyooza, piga lipu mpya, ikikauka ndipo upake rangi.

UKUNGU
Usiufagie ukiwa mkavu, utausambaza chumba kizima. Vaa barakoa na glavu, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha kausha. Ukitumia jiki, usiichanganye kabisa na dawa ya choo wala sabuni nyingine ya kusafishia. Inatoa hewa ya sumu.

MZIGO WAKO
– Usiweke chini. Tandika mbao juu ya matofali.
– Acha nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta.
– Usifunge kwenye nailoni kitu ambacho hakijakauka vizuri.
– Vile vipakti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu na pochi, usivitupe. Vinanyonya unyevu.
– Kila wiki fungua mzigo, nusa, geuza. Ukikuta ukungu, usiutume kwa mteja ukiomba Mungu asione.

UMEPANGA?
Piga picha mapema, mtumie mwenye nyumba kwa heshima, mwambie chanzo ulichokiona. Mkikubaliana utengeneze wewe akukate kwenye kodi, yaandikwe kabla fundi hajaanza. Mimi nilikubaliana kwa mdomo, tulipofika kwenye kodi kila mtu akawa na kumbukumbu yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaouzia nyumbani, usipoziba ufa utanunua mzigo upya, na mteja aliyepokea pochi yenye uvundo huwezi kumnunua Kariakoo. Yule dada hajarudi mpaka leo.

Leo jioni, kabla hujapanga oda za kesho, sogeza mzigo wako uguse ukuta kwa mkono. Mtumie na mwenzako anayelala na mzigo chumba kimoja.